Mlango wa nyuma wa gari Toyota Ist haukai juu, unashuka wenyewe

Mkuu, hapo zile shokapu mbili za mlango, yaani vile vyuma viwili vinavyoushikilia juu, zimeishiwa gesi, wala bawaba hazina shida. Ndani mle kuna gesi ya naitrojeni imeshindiliwa kwa presha kubwa, na oili kidogo tu. Pistoni ina kitundu hivyo gesi inakaa pande zote mbili, ila upande wa fimbo eneo ni dogo kwa sababu fimbo yenyewe imelichukua, basi gesi inashinda upande wa pili na kuisukuma fimbo nje, ndo mlango unapanda. Kiti cha ofisi kile cha kupanda na kushuka ni mambo yaleyale.

Fundi akitaka kuitoboa shokapu ajaze upepo mkimbie aisee, ile presha inaweza kukurushia chuma usoni. Nunua mpya, na ubadilishe zote mbili. Soma namba kwenye bodi ya ile ya zamani, mfano 350N (N ni nyutoni), hiyo ndo nguvu yake, na pima urefu ikiwa imefunguka yote. Mlango ukifungwa fimbo iangalie chini, oili ilainishe sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke. Na uegemeze mlango kwa ubao kwanza kabla hujafungua shokapu, mi mlango ulishanidondokea kichwani.