Re: Deli la usumba linamaliza barafu mapema

Habari mkuu. Umesema deli lako la mbao ulilojaza usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, badala ya foam, barafu ya alfajiri ikifika saa sita mchana ishakuwa maji, na wiki ya pili likaanza kunuka. Hayohayo yalinikuta mimi nikipeleka samaki kutoka Pangani kwenda Tanga mjini.

Kabla hujaongeza unene, fungua kona moja ya chini uushike huo usumba. Ukiwa na unyevu basi tatizo ndo hilo, kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye nyuzi, maji yakiingia imekula kwako. Wangu ulikuwa kama dodoki.

Halafu umeutoa wapi? Kama ni ule wa kusokotea kamba, wa makumbi yaliyofukiwa baharini miezi kadhaa kama wanavyofanya akina mama wa Jambiani kule Zanzibar, una chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata uanike juani siku tatu. Chukua makumbi makavu uchambue mwenyewe, vidole vitauma kidogo. Wazo lenyewe liko sawa, Ufilipino kampuni ya Fortuna Cools imeshatengeneza madeli kwa makumbi hayohayo.

Ndani mi nimeweka turubai zito kipande kimoja, kona zimekunjwa hazijakatwa, hakuna msumari chini ya usawa wa barafu, na tundu la kutolea maji lina kizibo. Mfuniko nao ujaze, mimi nilisahau. Turubai ni plastiki ndiyo, ila langu lina mwaka wa pili sasa, maboksi ya foam yalikuwa yananimegekea kila mwezi.

Safari ya mpaka Dar sijaijaribu.