Gadi wa chuo na mitupo ya pointi tatu

Kaka, umeuliza gadi (mchezaji anayedunda na kupanga mpira) wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo afanye nini ili mitupo ya pointi tatu iingie msimu ujao. Usianzie mbali. Simama karibu na ringi, rusha kwa mkono mmoja hadi 10 ziingie bila kugusa chuma. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira takriban 24, kwa hiyo mpira unaoshuka kutoka juu una nafasi. Ule unaokuja bapa, bila kupanda juu, hugonga ukingo. Kisha rudi nyuma polepole hadi mita 6.75, ulipo mstari wa pointi tatu.

Halafu jizoeze ukiwa umechoka: dunda mbio, simama ghafla, rusha. Gadi hupata nafasi hivyo, miguu ikiwa mizito. Hapa Nairobi viwanja vyetu vingi viko wazi, kwa hiyo nenda alfajiri kabla ya upepo, na uandike ngapi zimeingia.