Ukinywa Dawa ya Majani, Nesi Wako Ajue

Nauza viungo na majani makavu Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, na kuna wateja wanaonishangaa. Mtu katoka Mbalizi kwa nauli yake, anataka dawa ya presha, na mimi kabla sijashika mizani namuuliza anakunywa vidonge gani. Wengine wananuna na kuhamia meza ya jirani. Sawa tu, meza ni nyingi.

Majani nayaamini. Nimelelewa Tukuyu na bibi mzaa mama, na nyumbani kwangu mpaka leo mafua hayaendi famasi siku ya kwanza. Lakini jani lenye nguvu ya kushusha presha ni dawa, na dawa mbili zikikutana mwilini zinaweza kusaidiana, zinaweza kuzidishana, na moja inaweza kuizuia nyingine isifanye kazi kabisa. Wa kukwambia lipi litatokea ni mtu anayezijua zote unazokunywa. Sisi ya hospitali tunaisema, ya majani tunaificha.

Nianze na yale yasiyo na ugomvi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ya huku mnaijua, kila nyumba kuna anayekohoa. Ponda kipande cha tangawizi, funga mchaichai fundo, chemsha kwa dakika kumi hivi, epua, kisha ndiyo ukamulie ndimu. Haiui kirusi cha mafua. Inalainisha koo, inakunywesha maji ya moto na inakulaza usingizi, na kwa mafua hayo yanatosha. Ukitaka weka asali. Ya Chunya ni nzuri sana. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulambishwa kidoleni. Najua bibi zetu watanibishia. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli, na tumbo la mtoto mchanga halijapata uwezo wa kuwadhibiti.

Kujifukiza nako, tangu mwaka 2020 wa korona kila mtu ni fundi. Mvuke unazibua pua, sikatai. Hatari iko kwenye sufuria: maji yanachemka, umeyaweka katikati ya miguu, umejifunika blanketi, halafu na mtoto yumo humo ndani. Mtoto asiingie. Na mwenye pumu awe mwangalifu, mvuke mkali wa mkaratusi unaweza kumbana kifua badala ya kumfungulia.

Sasa kununua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nunua jani, usinunue unga. Jani lina uso: utaliangalia, utalinusa, utalivunja. Mlonge uliokaushwa kivulini hubaki na ukijani wake. Uliokaushwa juani hugeuka manjano au kahawia, na sehemu ya vitamini ulizozifuata inakuwa imepotelea huko huko juani. Halafu mlonge ni mti wa joto. Kwenye baridi ya Uporoto hauna raha, kwa hiyo mzigo mzuri hutoka mabondeni, Usangu, Pawaga au kule Dodoma. Muuzaji akikwambia kauchuma shambani kwake kijiji cha juu Tukuyu, muulize maswali mawili matatu zaidi.

Masika kukausha ni vita. Rungwe kuna vijiji vinavyopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jani likilala na unyevu linashika ukungu. Chukua jani moja ulikunje. Lililokauka sawasawa linavunjika na unasikia mlio wake. Lenye unyevu linajikunja na kurudi. Ligeuze, angalia kwenye mishipa upande wa chini kama kuna vumbi jeupe au la kijivu. Nusa: likikupa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, liache. Wapo wanaokaushia darini juu ya mafiga, hayo utayajua kwa moshi. Mimi siyachukui, chai yake inakuwa kama umeinywea jikoni kwa fundi wa kuchoma samaki. Yote haya kwenye unga huwezi kuyaona. Ukungu ukisagwa unakuwa unga kama unga mwingine.

Magome na mizizi siuzi. Jani ukilichuma linaota tena, mti ukiuchuna gome kuzunguka shina umekufa. Kwenye misitu ya milima yetu kuna mti unaoitwa kitaalamu Prunus africana, gome lake hutafutwa duniani kwa ajili ya tezi dume, na limechunwa sana Afrika nzima mpaka tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama pori wasimalizwe na biashara. Sababu yangu ya pili ni kwamba gome kavu likishakatwakatwa hakuna mtu sokoni atakayekuapia kwa uhakika kuwa ni la mti gani, mimi nikiwemo.

Kuna unga mwingine wa nguvu za kiume unaouzwa sana, wanaume wananunua kimya kimya, pamoja na ule wa maumivu ya mgongo na viungo. Ukinywa na ndani ya nusu saa mambo yamebadilika kabisa, usishangilie mitishamba. Nchi mbalimbali wamepima bidhaa za namna hiyo wakakuta zimesagiwa vidonge vya hospitali ndani: sildenafil kwenye za nguvu za kiume, diklofenaki au steroidi kwenye za maumivu. Mzee mwenye moyo mbovu anayetumia vidonge vya nitreti, akichanganyiwa na sildenafil bila kujua, presha inaweza kuporomoka akafa. Nchini kwetu tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake kuna Baraza linalosajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Anayekuuzia kopo muulize namba ya usajili. Aliyesajiliwa huwa anaitoa kwa majigambo.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Alikuja dada mmoja mezani, kapendeza, ana mkoba mkubwa. Akanunua tangawizi, akabaki amesimama. Mwisho akasema:

"Mama, nina swali, ila naomba lisisikike."

Akafungua mkoba. Ndani kuna kopo la virutubisho, la 80,000, kauziwa na mtu wa semina. Kaambiwa linaongeza kinga. Nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akatazama huku na huku, akaniambia yuko CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU.

"Wanajua kuhusu hili kopo?"

"Hapana, mama. Watanisema."

Tukageuza kopo tukasoma nyuma: madini ya chuma, kalsiamu, magnesiamu, zinki. Kwa mtu mwingine si neno. Yeye anakunywa TLD, kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi wa CTC wanakitumia, na ndani yake kuna dolutegravir. Madini hayo yakikutana na dolutegravir tumboni yanaishika, na dawa inaingia kwenye damu kidogo kuliko inavyotakiwa. Suluhisho lake wala si gumu. Kidonge cha TLD kitangulie saa 2 kabla ya virutubisho, au kinywewe saa 6 baada yake. Kama ni chuma au kalsiamu, vinaweza kumezwa pamoja na TLD ilimradi iwe na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina msamaha huo, ni lazima zipishane. Kitu kidogo hivyo, nesi angemweleza kwa dakika moja, ila angeanzaje kumweleza wakati kopo limefichwa?

Huku kwetu hili si suala la watu wachache. Utafiti wa taifa wa 2022/2023 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Katika kila basi linalotoka hapa kwenda Makambako wamo wanaomeza kidonge hicho, na hao hao ndio wanaofuatwa kwa bidii na wauza makopo.

Wenye umri wangu mnakumbuka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, jina la huku kwetu kabisa, alikuwa Samunge kule Loliondo akigawa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na watu wakasafiri kutoka kila kona ya nchi. Aliyekunywa akaendelea na vidonge vyake, kikombe hakikumpunguzia kitu zaidi ya nauli. Waliopata shida ni walioacha ARV au sindano za sukari kwa kuamini wameshapona. Kirusi ulichokifubaza kwa miaka hakitoki, kimelala. Ukiacha dawa kinaamka. Kwa hiyo anayekwambia "acha za hospitali kwanza ndiyo hii ifanye kazi", awe mganga, awe mchungaji, awe mtu wa semina, chukua mkoba wako uondoke.

Wajawazito nitawaambia kwa ukali kidogo. Dawa za kuongeza uchungu mnazoletewa na mashangazi kwenye chupa ya soda, hapana. Zile zinazofanya kazi kweli ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua amekupa kiasi gani, na mfuko wa uzazi ukikazwa kupita kiasi unaweza kupasuka. Mshubiri na mwarobaini pia viwekeni pembeni mpaka mjifungue. Majani ya mlonge kama mboga hayana shida, mizizi na magome yake msiyaguse. Na vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa bure kliniki, msivisindikize na chai. Najua Rungwe chai ni maji, lakini chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji, au kwa chungwa, ambalo linasaidia, na chai isubiri saa moja au mbili.

Mama yangu ana presha. Anameza kidonge chake kila asubuhi na jioni anakunywa rosella, na daktari wake anajua. Tafiti zinaonyesha rosella inashusha presha kiasi, ndiyo maana ilibidi daktari aambiwe: kidonge kikishusha na kikombe nacho kikashusha, mtu mzima anaweza kusimama ghafla akaanguka chooni. Tunampima na kuandika kwenye daftari, tarehe na namba mbili, na daftari linakwenda naye kliniki. Sukari ni vile vile, majani yanayoshusha sukari juu ya vidonge vinavyoshusha sukari yanaweza kukushusha mpaka ukazimia. Vitunguu swaumu vya kwenye mchuzi kula upendavyo, lakini kama unavimeza kwa dozi kila siku na una operesheni mbele, mwambie daktari mapema kwa sababu vinafanya damu ichelewe kuganda. Balungi nalo, tunda zuri tu, linapandisha kiwango cha baadhi ya dawa kwenye damu, nifedipine ya presha ikiwemo. Nani angedhani.

Wa Kyela mtaniuliza kuhusu artemisia ya malaria. Ni kweli dawa mseto imetokana na mmea huo, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila kikombe cha chai yake hakina kipimo: leo kikali, kesho chepesi, vimelea vinajeruhiwa bila kufa na vinajifunza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kama tiba ya malaria. Homa ikikushika nenda ukapime, ikiwa ni malaria meza mseto mpaka dozi iishe.

Kuhusu makopo ya bei, nina neno moja tu. Nyanda za juu tunalisha nchi, halafu utafiti wa afya wa 2022 ukakuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Hiyo 80,000 inanunua trei kadhaa za mayai, dagaa wa Nyasa, maharage na parachichi, na bado inabaki chenji. Kama hujaambiwa na vipimo kwamba umepungukiwa kitu fulani, anzia hapo.

Najua kwa nini watu wanaficha: nesi wengine wanafoka. Basi ongea na mfamasia pale dirishani unapochukulia dawa, mambo ya dawa kugongana ndiyo fani yake. Usiende na maelezo ya "kuna majani fulani hivi". Nenda na kopo lenyewe, au jani zima kwenye karatasi likiwa halijasagwa, na useme unakunywa kiasi gani na saa ngapi. Akisema sawa, rudi nikupimie. Akisema hapana, nina iliki na mdalasini wa pilau.