Sungura wa mashimoni kwenye malisho: auawe au aachwe?

Barua kuhusu sungura wa mwituni wanaochimba mashimo zimekuwa nyingi, na walioziandika hawapatani hata kidogo. Tumechagua chache zinazogusa yale yanayobishaniwa zaidi.

SWALI: Mimi na kaka yangu tumerithi malisho ya kondoo yenye mashimo ya sungura. Kaka anataka wauawe wote. Mimi naona nao ni viumbe, na majani yanawatosha wote. Nani ana haki?

JIBU: La majani lina kipimo, kwa hiyo tuanze nalo. Makadirio hutofautiana, lakini ukisema sungura kumi hivi hula kama kondoo mmoja hutakuwa mbali na ukweli. Hata hivyo, ulaji wao una madhara kuliko uzito wa majani wanayomeza. Sungura hukata jani chini kabisa, mahali ambapo mdomo wa kondoo haufiki, na huanza na machipukizi laini. Mmea mzuri hukosa nafasi ya kurudi, magugu yakashika ardhi. Kiangazi kikikaza hutafuna magome ya miche. Katika nyanda kame za Australia, idadi isiyofikia hata sungura mmoja kwa hekta imeonekana kutosha kuzuia miti kama mulga isiote upya, na anayepita hapo mchana huenda asimwone sungura hata mmoja.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kuendelea kubishana. Chagueni sehemu tatu za mita moja kwa moja, zote umbali uleule kutoka kwenye mashimo. Ya kwanza izungushieni wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 3, na ukingo wake wa chini ulazwe nje na kufukiwa. Ya pili izungushieni waya wenye matundu mapana, unaomzuia kondoo lakini sungura anapenya. Ya tatu iacheni wazi. Majani yakiwa katika msimu wa kukua, subirini wiki sita hadi nane, kisha kateni kila sehemu, kausheni, mpime. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ndiyo iliyoingia tumboni mwa sungura. Rudieni sehemu tatu au nne za shamba, kwa sababu karibu na mashimo hasara ni kubwa na ukisogea mbali hupungua haraka. Mkipima mahali pamoja tu, mmoja wenu atapendelewa.

Suala la haki ya kiumbe halipimwi kwa mizani. Ila lina masharti, nayo yanaanzia kwenye swali linalofuata.

SWALI: Kwa nini wapenda mazingira wa nchi moja wanashangilia sungura wakiuawa, na wa nchi nyingine wanawajengea mashimo?

JIBU: Kwa sababu mnyama ni yuleyule lakini kwao si kule. Asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, pamoja na kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko ndiye chakula kikuu cha linksi wa Iberia, aina ya paka wa mwituni, na cha tai wa kifalme wa Hispania. Magonjwa yamempunguza sana, na mwaka 2019 shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, lilimweka miongoni mwa spishi zilizo hatarini katika eneo lake la asili. Ndiyo maana wahifadhi wa huko hurundika mawe na matawi, wakafukia kwa udongo, kisha wakamwachia sungura achimbe. Cha ajabu ni kwamba katika Hispania hiyohiyo wapo wakulima wa nafaka na mizabibu wanaolalamika kuliwa mazao na sungura huyohuyo.

Australia ni kinyume. Mwaka 1859 Thomas Austin alifungulia sungura wachache kutoka Uingereza kwenye shamba lake la Barwon Park, Victoria, apate wa kuwinda. Katikati ya karne ya 20 walikadiriwa kufikia milioni 600. Mimea ya huko haikuwahi kuliwa namna hiyo, na wanyama wadogo wa asili kama bilbi walinyang'anywa chakula na makazi. Huko mwenye kupenda wanyama na mfugaji husimama upande mmoja, wakibishania njia tu.

Uingereza imekaa katikati. Sungura waliletwa, lakini karne nyingi zimepita na baadhi ya mimea na wadudu wamezoea nyasi fupi zinazoachwa na meno yao. Ugonjwa wa miksomatosi ulipowafagia kuanzia 1953, vichaka vilivamia miteremko ya udongo wa chokaa. Nyasi ziliporefuka ardhi ilipoa, na sisimizi wekundu wa huko, ambao ndio wanaomlea kiwavi wa kipepeo mkubwa wa buluu, wakapungua. Kipepeo huyo alitoweka Uingereza mwaka 1979. Alirudishwa baadaye kutoka Sweden, lakini kwanza malisho yalibidi yafupishwe tena kwa mifugo.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: ukiondoa sungura kwenye mteremko ambao kondoo hawapandi, panga mapema ni mfugo gani utakula pale. Usipopanga, miaka michache baadaye utakuwa unakata miiba.

SWALI: Kila mwisho wa wiki tunawapiga risasi usiku kwa kurunzi. Tumeua wengi sana, ila hawapungui. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnavuna, hamdhibiti. Jike hubeba mimba siku 28 hadi 31, anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa, na watoto wake wa kike wanaweza kushika mimba wakiwa na miezi mitatu au minne. Chukulieni sungura 40, nusu majike. Mkiua 20 bila kuchagua, yanabaki majike kumi. Kila mmoja akizaa watoto 25 kwa mwaka mzuri, hao ni 250. Hata wanane katika kila kumi wakifa kwa baridi, mbweha na magonjwa, wanabaki 50, pamoja na wazazi 20. Mlianza na 40, mmemaliza na 70. Isitoshe, wengi mliowapiga wangekufa wenyewe kabla ya msimu kwisha.

Maoni yetu, tunayajua hayawapendezi wengi: hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Anayesema wasiuawe ana hoja dhidi yenu, maana mnaua mwaka hadi mwaka bila mwisho. Na anayesema wauawe anayo pia. Anayeua sana mara moja na kubomoa mashimo huishia kuua wachache kuliko anayeua kidogo kila juma.

Kinachowarudisha ni shimo. Bila shimo, sungura wa jamii hii hana pa kuzalia wala pa kukimbilia tai na jua. Mpangilio unaofanya kazi ni huu.

Hesabuni kwanza. Njia ileile, mwendo uleule, kurunzi ileile, usiku mitatu mfululizo isiyo na mvua wala upepo mkali. Andikeni wastani. Mchana chomekeni vijiti viwili vilivyovukana kwenye kila mlango wa shimo. Vilivyoangushwa kesho yake ndiyo milango hai.

Chagueni wakati wanapokuwa wachache na hawazai, ambao kwa kawaida ni mwisho wa majira makavu majani yakiwa yamekwisha. Wengi huanza kazi wakiwaona wengi. Huo ndio wakati ghali na wa ukatili zaidi, maana watoto wamo mashimoni.

Punguzeni idadi kwa njia inayoruhusiwa mlipo, kisha ndani ya wiki chache bomoeni mashimo kwa trekta yenye ripa, yaani jino refu la chuma la kupasua udongo. Jino lishuke angalau sentimita 60, na 90 ni bora. Mistari iachane nusu mita hivi, ianzie mita nne nje ya mlango wa mwisho, kisha mrudie kwa kuvuka mistari ya kwanza. Kosa la kila siku ni kupasua pale penye milango tu. Handaki za pembeni hubaki nzima na sungura hutokea upande wa pili. Mfinyanzi mkavu mno huvunjika mabonge makubwa yenye nafasi kati yake, nazo huwa nyumba mpya, basi subirini uwe na unyevu kidogo. Mchanga, kwa upande wake, hujaza handaki vizuri ukiwa mkavu. Mwisho sawazisheni juu, ili shimo jipya lionekane kwa macho.

Rudini baada ya wiki mbili hadi nne. Karibu kila mara kuna milango iliyofunguliwa tena. Mkiiziba siku hiyo ni kazi ya koleo. Mkiiacha msimu mmoja, ni kazi ya trekta tena. Kwenye mteremko mkali, miamba au kando ya mto msipasue kabisa, udongo utaondoka na maji. Na kabla ya kuwasha injini, kagueni nyayo na kinyesi mlangoni: mashimo ya sungura hukaliwa pia na mijusi, bundi na wengine wasio na hatia, ambao baadhi wanalindwa na sheria.

SWALI: Sitaki kuua. Je, uzio unatosha?

JIBU: Unatosha ukijengwa sawasawa, na kwa eneo dogo. Tumia wavu wa matundu ya pembe sita usiozidi milimita 31, urefu wa sentimita 90 juu ya ardhi. Sentimita 15 nyingine zikunjwe chini na kulazwa *upande wa sungura*, zibanwe kwa vigingi au zifunikwe kwa udongo na majani. Sungura huchimba pale pale anapogonga wavu. Akikuta waya chini ya miguu huacha. Watu wengi hukunja kwa ndani, na wavu mzima huwa bure. Lango nalo: weka kizingiti cha ubao mzito, pengo chini lisifike sentimita 3.

Umbo la eneo ni fedha. Hekta moja ya mraba inahitaji mita 400 za uzio, hekta nne za mraba mita 800 tu. Kipande chembamba chenye hekta moja, mita 20 kwa 500, kinakula mita 1,040.

Tatizo ambalo waandishi wa barua kama yako huwa hawaligusi: sungura walioko ndani ya uzio siku ya kufunga. Kuwanasa na kuwahamishia kwingine kunapendeza kusikia, lakini wengi hufa kwa hofu na kwa kukosa shimo, wanabeba magonjwa, na katika nchi nyingi kuwaachilia ni kosa. Kwa hiyo funga upande mmoja mwisho, wakati hakuna watoto, na uwafukuze kwa mbwa kwanza. Watakaobaki, utalazimika kuamua.

SWALI: Jirani anataka kuleta sungura mgonjwa ili wote waambukizwe. Anasema ni njia ya asili.

JIBU: Mzuie. Uingereza kueneza miksomatosi kwa makusudi ni kosa tangu sheria ya 1954, na nchi nyingi zina makatazo yao. Ufaransa, mwaka 1952, daktari Armand-Delille alitia virusi hivyo kwa sungura wawili kwenye shamba lake. Ugonjwa ukaenea Ulaya Magharibi na kuua pia sungura wa kufugwa. Mbu na viroboto hawajui mpaka wa shamba.

Pia haina uhakika. Australia ilipoachilia miksomatosi mwaka 1950, mwanzoni vifo vilizidi 99 kwa mia mahali ulipofika. Baadaye virusi vikalegea na sungura wakapata ukinzani. Ugonjwa wa kutokwa damu, RHD, una mtego wake: kwa virusi vyake vya aina ya zamani, watoto wa chini ya mwezi mmoja hivi mara nyingi hawafi, hubaki na kinga. Akiuingiza msimu wa kuzaa, jirani yako atakuwa amewachanja. New Zealand, ambako wafugaji waliueneza kinyume cha sheria mwaka 1997, kinga ya aina hiyo ilikuja kuwa tatizo kubwa.

SWALI: Njia ipi ina maumivu machache?

JIBU: Risasi ya kichwa kutoka kwa mpigaji hodari, ndani ya mita 50, sungura akiwa ametulia. Ikifuatiwa na kumtoa shimoni kwa fereti, yule mnyama wa jamii ya kicheche anayefugwa, na kumnasa kwenye nyavu za mlangoni, mradi anayemshika ajue kumvunja shingo mara moja. Njia zote mbili ni nzuri kwa idadi ndogo.

Mitego ya meno inayobana mguu ni katili. Uingereza na Wales ziliipiga marufuku mwaka 1958. Sumu za kuzuia damu isigande, kama pindoni, huchukua siku kadhaa kuua. Faida yake ni kwamba mbwa akila anaweza kuokolewa kwa vitamini K1 akiwahiwa. Sumu ya 1080 haina dawa ya kuiondoa, na mbwa akila mzoga tu anaweza kufa. Kwa sumu yoyote, chambo kisicho na sumu hutangulia mara mbili au tatu, siku kadhaa kati yake. Ukiruka hatua hiyo, sungura ataonja kidogo, ataugua, na hatagusa chambo tena. Gesi ya fosfini ni ya wenye leseni na mafunzo pekee, inaua watu. Kwenye mchanga mkavu huvuja na kuwaacha hai wengi.

Na vyovyote uchaguavyo, epuka miezi ya kuzaa. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache. Ukimuua, watoto hufa njaa shimoni.

SWALI: Sungura wangu hawachimbi, hulala kwenye majani na watoto wao wana manyoya. Nitumie ripa?

JIBU: Hapana. Hao ni jamii nyingine, huishi mmoja mmoja na mara chache huwa wengi kiasi cha kudhuru malisho. Mahali pengi wanalindwa na sheria. Linda miche kwa wavu, waache.

SWALI: Nyama inaliwa?

JIBU: Ya aliyepigwa risasi au kunaswa, ndiyo, kama eneo halijatiwa sumu. Vaa glavu unapochuna, kwa sababu ya bakteria ya tularemia. Ini likiwa na madoa meupe, au macho na sehemu za siri zikiwa zimevimba, fukia mzoga wote. Vinginevyo toa matumbo mapema na uipike nyama hadi iive ndani.