Iverson na Mazoezi Aliyoyakosa

Wiki hii mmeuliza kama mchezaji wa kulipwa mwenye kipaji na utata akumbukwe kwa uchezaji wake au kwa mwenendo wake. Mimi namfikiria Allen Iverson, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu wa Marekani, ambaye vijana wengi wanamjua kwa video moja tu ya Mei 2002, ile anayowafokea waandishi wa habari huku akilirudia neno "mazoezi" zaidi ya mara 20.

Sikatai kwamba alikosea. Kocha wake katika timu ya Philadelphia 76ers, Larry Brown, alilalamikia utoro wake mazoezini, na nyota anayetegemewa na timu nzima akifanya hivyo huwavunja moyo wenzake. Hata hivyo, anayeisikiliza video hiyo yote atamsikia pia akisema kwamba amempoteza rafiki yake mkubwa, aliyeuawa kwa risasi miezi michache kabla. Maneno hayo ndiyo hukatwa.

Tena hakuwa mgeni wa hukumu za haraka. Mwaka 1993, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Virginia, alifungwa kwa sababu ya ugomvi wa vijana weusi na weupe katika ukumbi wa bolingi. Alikaa ndani miezi minne, gavana akamwachia, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Uwanjani hakuna aliyeweza kumwita mvivu. Kwa kimo cha futi 6 alijitupa katikati ya majitu, akaangushwa, akainuka, akarudi tena. Juni 2001, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, ligi kuu ya Marekani, dhidi ya timu ya Los Angeles Lakers, ambao walikuwa hawajafungwa hata mara moja katika mtoano wa mwaka huo, muda wa nyongeza ulimkuta kwenye kona, mbele ya benchi la wapinzani. Alidunda, akarudi nyuma, akafunga; Tyronn Lue aliyekuwa akimkaba akaanguka, na Iverson akamvuka taratibu, macho yakimtazama chini. Ilikuwa dharau, naam, lakini ilitoka kwa mtu aliyefunga pointi 48 usiku ule. Lakers walitwaa ubingwa kwa michezo 4 kwa 1, ila Mchezaji Bora wa msimu alikuwa yeye.

Mwaka 2016, alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, alimshukuru Brown hadharani na kukiri kwamba aliipata tuzo ile ya Mchezaji Bora baada ya kuanza kumsikiliza.