Simu ya siku tisa: kwa mdada anaetaka kula kwa ngumi

Kila mwezi napata meseji tatu nne za wadada, "shikamoo dada, nataka kuwa bondia wa kulipwa nianzie wapi". Nadhani wanategemea niwaambie habari za kukimbia alfajiri na kuruka kamba. Hayo kocha wako atakwambia. Mi nataka niongelee simu, zile za kukuita ghafla ukapigane nje ya nchi, maana simu ndo iliyonimaliza.

Nimecheza mapambano 17. Saba ya kwanza nilishinda sita, sare moja, yote hapahapa Dar na moja Morogoro. Kumi ya mwisho nimeshinda mawili tu, na katika vipigo nane sita nilivipata nje ya nchi. Mtu akiangalia hiyo rikodi anasema huyu alishuka kiwango. Hapana bana, nilikuwa na mazoezi kuliko mwanzo, ila nilianza kupokea simu.

Pambano langu la kwanza nililipwa laki moja na nusu, nikamnunulia mama mtungi mdogo wa gesi, mpaka leo upo Mbagala. Pambano la saba nilikuwa bado sijafika hata laki tano. Kwahiyo mtu alivyonipigia akaniambia kuna euro 1,200 Ujerumani, raundi nane, uzito wa unyoya, unaondoka wiki ijayo, sikuuliza hata jina la mpinzani. Yalibaki siku tisa. Mi nilikuwa na kilo 61 na nusu, unyoya ni 57.1, we piga hesabu mwenyewe.

Na kuna kitu wanaume hawakijui na makocha wengi hawakiulizi, nilikuwa naelekea siku zangu. Wanawake wengi mwili unashika maji kipindi kile, mimi naongezeka mpaka kilo moja na nusu hata nikila mlo uleule. Nikakaa na koti la mvua najifukiza kwenye bafu la hoteli, natema mate kwenye kikopo, nikapima 57 kamili huku masikio yanalia. Wenzangu wakishuka kwenye mizani wanacheka na kupiga picha, mi nilitafuta kiti. Kwahiyo dada, andika tarehe zako, na mwambie kocha wako hata kama ni mwanaume na unaona aibu. Tarehe ya pambano ikiangukia hapo mjue mapema, mshushe uzito taratibu kuanzia wiki ya tano au sita huko nyuma, au mkatae.

Tiketi ilikuwa ya mtu mmoja. Kocha wangu alibaki Dar. Kwenye kona yangu alikaa mzungu mmoja mzee, mpole kweli, ananimwagia maji na kuongea Kijerumani, na mimi naitikia tu. Raundi ya tatu nilikula ngumi ya ini. Raundi ya tano refa akasimamisha, na sikumlaumu. Hela sasa: wakakata vipimo na viza euro 250, wakala akachukua asilimia 20, nyumbani kocha nikampa yake 120, nikabaki na 590. Nikaona sio mbaya! Hapo ndo pana ujinga wangu, kwasababu 590 ilikuwa kubwa kuliko chochote nilichowahi kushika, na jicho lilikuwa limevimba upande mmoja tu.

Wiki ya tatu simu ikaita tena, mtu mwingine, nchi nyingine. Kumbuka nimesimamishwa kwa TKO, yani refa amekatisha pambano, natakiwa nipumzike, kichwa kinatakiwa kipone. Nikaenda. Nikapigwa kwa pointi. Simu zikaongezeka.

Hili lilinichukua muda kulielewa na ndo sababu naandika. Nilivyokuwa sijapigwa hakuna mtu wa nje aliyenitafuta, hata mmoja. Nilivyoanza kupigwa wakanitafuta kila mwezi. Kwasababu kule kuna binti wao wanamjenga, ana 6 kwa 0, yani ameshinda sita hajapigwa hata moja, anatakiwa afike 7 kwa 0 mbele ya watu wa kwao waliokata tiketi, na wanahitaji mtu mwenye ushindi wa kutosha ili karatasi isomeke vizuri, lakini asiyeandaliwa vizuri. Siku tisa zile sio bahati mbaya. Mara nyingine mtu kweli ameumia wanatafuta wa kuziba nafasi, sikatai, ila mara nyingi wanajua tarehe miezi mitatu kabla na bado wanakupigia wiki ya mwisho. Wahenga walishasema mcheza kwao hutunzwa, sasa we unaenda kucheza kwa mwenzio.

Mtu ataniambia mbona Zarika alienda nje akashinda. Sawa, tumuongelee. Fatuma Zarika wa Kenya mwaka 2016 alienda mpaka Flint, Michigan, akampiga Alicia Ashley kwa pointi akarudi Nairobi na mkanda wa dunia wa WBC, uzito wa super bantam. Namheshimu sana yule mama. Lakini alikuwa na zaidi ya miaka kumi ulingoni, ameshapigwa, ameshajifunza, na alienda kugombea mkanda, hakwenda kumjazia mtu rikodi. Alafu angalia kilichofuata: 2018 alimpiga Yamileth Mercado wa Mexico hapo Nairobi, 2019 wakarudiana Mexico, mkanda ukabaki hukohuko Mexico. Wanawake walewale wawili, kilichobadilika zaidi ni nyumba ya nani.

Kwahiyo simu ikija, usiseme ndio siku hiyohiyo. Uliza mpinzani ni nani kwa majina kamili, mtafute BoxRec, ile tovuti ya rikodi za mabondia, na usiangalie amewapiga wangapi, fungua uone aliowapiga ni akina nani, maana kuna mtu ana 9 kwa 0 na wote tisa aliowapiga hawajawahi kushinda hata mara moja, na kuna mwingine ana vipigo vinne lakini vyote kwa mabingwa, huyo wa pili ndo wa kuogopa. Uliza uzito, raundi ngapi, tiketi ni za watu wangapi. Kama hakuna tiketi ya kocha, mi siku hizi nasema hapana, sijali hela ni ngapi. Uliza vipimo analipa nani, na hela uliyotajiwa ni kabla au baada ya makato. Iandikwe kwa lugha unayoielewa. Na kibali cha kwenda kucheza nje kinapitia kamisheni, yani chombo kinachosimamia ngumi za kulipwa, akikwambia achana na kamisheni tutapita njia nyingine, kata simu, maana ukiumia huko hutakuwa na mtu wa kukusemea. Uliza pia hospitali. Hilo la hospitali hakuna anaependa kuulizwa, utasikia anakohoa.

Mambo ya ulingoni nagusia kidogo tu. Raundi zetu wanawake kwa kawaida ni dakika mbili, na za ubingwa hazizidi kumi. Kuna wanaotaka zifike tatu kama za wanaume, bondia Amanda Serrano wa Puerto Rico alicheza raundi 12 za dakika tatu mwaka 2023, mi naona kila bondia aachiwe achague. Ila kwa wewe unaeanza, dakika mbili hazina muda wa kumsoma mtu. Mwanaume anaweza kupoteza dakika nzima anazunguka anachungulia, we ukifanya hivo raundi imeisha na majaji wameshaandika. Anza kupiga kengele ikilia. Ugenini ndo kabisa, raundi ya kufanana utahesabu imeenda kwao.

Sparingi, yani kupigana na mwenzio mazoezini, ni shida nyingine. Kambini kwetu Keko nilikuwa mwanamke peke yangu karibu miaka miwili. Wavulana wako wa aina mbili, wanaokupapasa kama yai na wanaotaka kuonyesha wenzao kwamba hawapigwi na mwanamke. Wote hawakusaidii. Mtafute mdogo kwa umbo mwenye akili ya ngumi, kwangu alikuwa kijana mmoja fundi viatu, kilo 52, alinifundisha kuzungusha miguu kuliko kocha yeyote. Na kocha akianza kukupigia simu usiku kwa mambo yasiyo ya ngumi, hama kambi. Usisubiri uone.

Najua mabinti mnatumiana ile klipu ya Katie Taylor na Serrano, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Aprili 2022, ukumbi umejaa na wanawake wawili ndo pambano kubwa la usiku. Hata mimi nililia ile siku, sitaki kukuvunja moyo. Lakini usisahau na Conjestina Achieng, bondia wa Kenya, Afrika nzima tulimshangilia, alafu tukamuona kwenye TV karudi kwao Siaya anaumwa, hana kitu. Ndo maana nasema kuwa na kazi nyingine. Mi nilijifunza kushona nikiwa bado nacheza, sasa hivi nashona bukta za mabondia, wengine ni walewale walionipapasa sparingi. Wanalipa kwa mafungu kama kawaida yao.

Juzi binti mmoja ninaemsaidia kambini, ana 4 kwa 0, kaja na simu mkononi mbio. Siku nane, Poland, dola 1,000. Nikamwambia weka spika, uliza nilivyokufundisha. Akauliza mpinzani, jamaa akajibu. Akauliza uzito, akajibu. Akauliza tiketi ya kocha, jamaa akasema hilo tutaongea. Akauliza hospitali analipa nani, jamaa akakaa kimya kidogo akasema mtandao unasumbua atapiga baadae. Imepita wiki mbili. Binti alinuna siku mbili hakunisalimia, jana kaja kaniuliza kama naweza kumshonea bukta ya njano kwa ajili ya pambano lake la Tanga, nikamwambia alete kitambaa.