Kitovu cha mbele cha Land Cruiser: tafuta kinacholegea kabla ya kununua rulema

Gurudumu la mbele likianza kuvuma, mwenye jeep huambiwa neno moja: rulema (beringi) zimekufa, shuka Birere, mtaa wa maduka mjini Goma, ulete nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwenye Land Cruiser za familia ya 70, zile zenye ponti (ekseli) nzima mbele na kitovu cha kugeuza kwa mkono ili kishike shafti au kiiachie, gurudumu linaweza kulegea kwa sababu tatu, na rulema mpya za kitovu hutibu moja tu.

Inua upande mmoja kwa jeki, weka kitako imara chini ya ponti, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe (Goma hayakosekani). Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni rulema za kitovu. Ukibaki vilevile, ni rulema ndogo za pivo, zile za juu na chini ya boli ya kardani, lile bakuli la chuma mwishoni mwa ponti. Hizo ndizo zinazofanya usukani utetemeke wazimu baada ya kugonga shimo. Kama tairi linacheza ukilishika kushoto na kulia tu, angalia rotile za usukani (viungo vya fito zake) na uache kitovu kipumzike.

Sauti nayo husaidia. Mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika gari likiegemea kwenye kona ni rulema ya kitovu. Mlio wa ta-ta-ta ukikata usukani huku 4x4 imeshikwa ni kardani, kiungo kilicho ndani ya ile boli kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu.

Kuna lalamiko lingine: 4x4 imewekwa, lakini mbele hakuvuti kwenye tope la Masisi. Weka boksi la 4x4 kwenye 2H (nguvu nyuma tu), vitovu vyote viwili kwenye LOCK (vishike shafti; FREE ni kuachia), inua gurudumu moja tu na lingine libaki chini. Zungusha lile lililoinuliwa kwa mkono. Mhimili mrefu wa kardani unaokwenda mbele lazima uzunguke nalo. Usipozunguka, kitovu cha upande mmoja hakishiki. Rudia kwa upande wa pili, kisha fungua vyote viwili. Mara nyingi hakuna kilichovunjika: ndani kuna grisi nzito iliyokauka na kutu, na ile springi ndogo haina nguvu ya kusukuma meno. Fundi anayejaza grisi ndani ya kile kifuniko cha LOCK na FREE akidhani anakilinda ndiye anayekiua. Sehemu hiyo inataka grisi nyepesi ya kupaka tu.

Kufungua: geuza kwenye FREE, toa vizi (bolti) sita za kifuniko. Toa klipsi iliyo kwenye ncha ya shafti. Ikibana, funga vizi ya milimita 8 katikati ya shafti na kuivuta nje kidogo. Zinafuata nati sita, na chini yake koni ndogo zinazong'ang'ania kama kupe. Usizichokonoe kwa bisibisi. Gonga ncha za stadi (bolti zilizobeba nati hizo) kwa kipande cha shaba nyeupe au nyekundu na zitaruka zenyewe. Etriye ya freni, ile inayobana diski, ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Ikining'inia kwenye bomba lake, bomba hupasuka ndani bila kuonekana nje.

Sasa tunafika kwenye dhambi kubwa ya garaji zetu: burini (patasi ya chuma) na nyundo. Nati mbili za kitovu zinafunguliwa kwa soketi ya 54. Ukizipiga kwa burini, vipande vya chuma huingia kwenye rulema uliyotaka kuiokoa, na nati iliyotafunwa haiwezi tena kurekebishwa kwa kipimo. Soketi hiyo ni rahisi kuliko seti moja ya rulema. Garaji isiyo nayo isiguse kitovu.

Osha kila kitu kwa mazutu (dizeli), kausha kwa kitambaa safi, ngoja hadi kikauke kabisa, maana mazutu iliyobaki huyeyusha grisi mpya. Usiizungushe rulema kwa upepo wa kompresa ili ilie. Inaweza kupasuka mkononi. Halafu isome. Grisi yenye rangi ya maziwa: maji yameingia. Mikwaruzo myembamba mingi: vumbi letu jeusi la volkano, ambalo likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kunoa visu. Rangi ya bluu au kahawia: ilikazwa mno au ilikosa grisi. Vishimo kwenye roli au kwenye kikombe (pete ya nje ambamo rulema hukaa): haina tiba. Rulema hubadilishwa pamoja na kikombe chake, kamwe si nusu. Na ukinunua, soma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Boksi zuri linachapwa popote.

Kikombe kipya gonga polepole kwa shaba ukizunguka pande zote. Kikifika chini, sauti hubadilika, inakuwa nzito na kavu. Grisi iwe ya lithiamu namba 2. Weka fungu kiganjani, ponda upande mpana wa rulema hadi grisi itokeze kati ya roli upande mwembamba, zunguka yote. Usichanganye na grisi ya zamani usiyoijua: rangi haisemi chochote, na aina mbili zisizopatana hugeuka uji. Spi (sili ya kuzuia mafuta) ya nyuma ya kitovu iwe mpya kila mara.

Kukaza ndiko kunakoamua kama utarudi hapa baada ya mwezi. Kwa muundo huu wa nati mbili, nati ya ndani hukazwa kwanza kwa niuta-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 59 hivi, kitovu kizungushwe mara kadhaa mbele na nyuma ili roli zikae, kisha nati ilegezwe hadi igeuke kwa mkono, ikazwe tena kidogo tu, niuta-mita 5 na nusu. Huna ufunguo wa kipimo? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki sokoni. Ukivuta kilo 12 kwenye mwisho wa mkono wa ufunguo wenye sentimita 50, umepata 59. Kilo moja na kidogo inakupa 5 na nusu. Vuta kwa pembe mraba na mkono huo, la sivyo hesabu inadanganya.

Weka washa mpya yenye meno, kaza nati ya nje kwa 63, yaani kilo 13 kwa mkono uleule. Kisha funga ndoana ya mizani kwenye stadi ya gurudumu na uvute taratibu, etriye ikiwa bado nje. Kitovu kianze kusogea kati ya kilo 2.9 na 5.7. Hapa ndipo wengi huruka: nati ya nje inasukuma ya ndani, kwa hiyo kipimo cha kabla yake hakitoshi. Kikizidi au kikipungua, fungua na urekebishe. Kikiwa sawa, kunja jino moja la washa kuelekea ndani na jingine kuelekea nje.

Kabla ya kufunga, tazama nyuma ya boli ya kardani. Ikiwa inatiririka mchuzi mweusi mwepesi, spi ya ndani ya shafti imekufa na mafuta ya ponti yanaosha grisi ya kardani. Yakifika kwenye plaketi (pedi za freni), freni inavuta upande mmoja. Kabla ya kulaumu spi, angalia pumzi ya ponti, kitundu chake cha kupitishia hewa. Ponti iliyochemka kwa kupanda milima, ikiingia ghafla kwenye mto, hupoa na kunyonya. Pumzi ikiwa imezibwa na tope, itanyonya maji kupitia spi. Boli yenyewe jaza robo tatu kwa grisi ya molibdeni, usijaze yote.

Rudisha kifuniko kikiwa kwenye FREE, geuza LOCK na FREE mara kadhaa kwa vidole. Nenda mji wa Sake na kurudi, shika kitovu: joto la mkono ni sawa, kinachokuunguza kimekazwa mno. Baada ya kilomita 500 inua gurudumu tena na ulitikise juu na chini.